Ametajwa kwa Lipi?

Leo nataka tumzungumzie msomi wa samaki, na hasa namna tunavyompima. Simaanishi kumpima kwa samaki aliowavua, maana wapo mabingwa wa elimu hii ambao ukiwapa mshipi watakuuliza chambo kinafungwa upande gani. Namaanisha zile namba mbili zinazomtangulia kila anapotambulishwa ukumbini: ameandika makala ngapi, na makala hizo zimetajwa na wasomi wenzake mara ngapi. Mshereheshaji huzisoma polepole kwenye karatasi, elfu hii na mia ile, na ukumbi hupiga makofi kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Sijawahi kusikia mtu akinyanyua mkono kuuliza: ametajwa kwa lipi?

Basi leo tuliulize hilo.

Hesabu hii ya kutajwa ina umri. Mmarekani Eugene Garfield alilitoa wazo lake mwaka 1955, na mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ikaanza kuchapisha faharasa kubwa inayoonyesha makala ipi imetajwa na makala zipi. Nia yake ya mwanzo ilikuwa nzuri kabisa: ukiwa na wazo la mtu mkononi, uweze kujua nani baada yake amelitumia, nani amelisahihisha, nani amelipinga. Baadaye watu wakaacha kufuata mawazo wakabaki kuhesabu vichwa. Google Scholar ilipokuja mwaka 2004 hesabu ikawa ya bure na ya papo kwa papo. Mwaka uliofuata Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, akaleta kipimo cha h, ambacho leo ndicho kinachosomwa kwenye usaili wa kazi na kwenye vikao vya kupandisha vyeo. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imetajwa walau mara 20, basi h yako ni 20. Ukiwa na kitabu kimoja tu, hata kama dunia nzima imekitaja, h yako ni 1. Raymond Beverton na Sidney Holt walitoa mwaka 1957 kitabu cha kurasa zaidi ya mia tano kuhusu mabadiliko ya wingi wa samaki wanaovuliwa, na mpaka leo huwezi kusoma elimu ya uvuvi bila kukipitia. Kama wangeishia hapo, kamati fulani ingewaona vijana wanaoanza.

Tatizo la kompyuta ni kwamba inahesabu kama konda wa daladala: kichwa ni kichwa, anakokwenda abiria si hoja yake. Aliyekutaja kwa sababu ametumia kazi yako, aliyekutaja kukuambia umekosea, na aliyekutaja kwa sababu kila mtu anakutaja, wote ni nauli moja.

Nimchukue mtu mmoja anayejulikana ili tusiongee hewani. Daniel Pauly alizaliwa Paris mwaka 1946, akakulia Uswisi, akasoma Kiel huko Ujerumani. Kazi yake ya kwanza ya uwandani aliifanya Ghana mwaka 1971, kwenye wangwa wa Sakumo karibu na Tema, akichunguza jamii ya perege. Akaenda Indonesia, akakaa miaka mingi Manila kwenye kituo cha kimataifa cha utafiti wa samaki, kisha akahamia Vancouver, Kanada. Ni miongoni mwa wanasayansi wa uvuvi wanaotajwa kuliko wote walio hai. Lakini ukizifungua makala zake tatu mashuhuri utakuta zinatajwa kwa sababu ambazo hazina undugu.

Nianze na ile ya mwaka 1980, na hapa niruhusu nikae kidogo.

Anayesimamia uvuvi lazima ajue samaki wanakufa kwa nini. Wapo wanaokufa kwa nyavu, na wapo wanaokufa kwa ugonjwa, kwa uzee, au kwa kuliwa na wenzao. Ukishindwa kutenganisha vifo hivyo, huwezi kusema kama wavuvi wamezidisha au bado. Huko Ulaya walikuwa na njia: ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe vidogo vya sikioni, na samaki wa maji baridi hupunguza kukua kila majira ya baridi, kwa hiyo kijiwe huwa na alama za miaka. Unakikata, unakiweka chini ya hadubini, unahesabu umri. Sasa njoo kwetu. Ziwa Victoria halina majira ya theluji. Pwani ya Bagamoyo haina. Alama za miaka mara nyingi hazisomeki vizuri, na hata zingesomeka, maabara iko wapi, na fedha ya meli ya utafiti iko wapi? Kilichopo ni karani aliyesimama kwenye mwalo alfajiri, ana ubao wa kupimia urefu, penseli, na daftari lenye magamba ya samaki kwenye kurasa.

Pauly alikusanya habari za makundi 175 ya samaki kutoka sehemu mbalimbali za dunia, akatengeneza mlinganyo. Upe mlinganyo huo ukubwa wa mwisho ambao samaki wa aina ile hufikia, upe kasi anayokua, upe joto la wastani la maji, nao utakukadiria vifo vya asili. Vile viwili vya kwanza unaweza kuvipata kwa kupima urefu tu, mwezi baada ya mwezi. Maana yake ni kwamba lile daftari la karani ghafla likawa na thamani. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, wa Manila au wa Accra akaweza kuandika tathmini ya samaki wa kwao bila kusubiri meli ya mfadhili. Fungua tasnifu nyingi za sangara, za dagaa, za nguru au za vibua, utaukuta mlinganyo huo.

Makala ile inatajwa kama fundi anavyotaja spana: ameitumia, anasema ameitumia, basi. Hakuna ubishi wa kifalsafa hapo. Na siyo kwamba haina kasoro. Makadirio yake yana upana mkubwa wa makosa, na mwaka 2015 watafiti wengine walioshika takwimu za aina zaidi ya 200 za samaki walionyesha kwamba kipengele cha joto kinaweza kuondolewa na hesabu ikasimama vizuri zaidi. Nao walimtaja Pauly, bila shaka. Kwenye hesabu ya Google Scholar, kusahihishwa huko ni alama moja zaidi kwake.

Ya pili ni ya mwaka 1998, kwenye jarida la Science, yeye na wenzake wanne. Walichukua takwimu za samaki waliovuliwa duniani kuanzia 1950 hadi 1994, kama zilivyokusanywa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kule Roma, wakaonyesha kwamba wanadamu wanateremka ngazi za chakula cha baharini: tumemaliza wale wakubwa wanaokula wenzao, sasa tunashuka kwa wadogo na kwa viumbe wa chini. Makala hiyo ilizua vita. Mwaka 2010 kundi lingine likajibu kwenye jarida la Nature kwamba kinachovuliwa si kipimo sahihi cha kilichomo majini, kwa sababu wavuvi hufuata bei na soko pia. Ubishi haujaisha, na kila upande ukiandika unautaja mwingine. Mimi naona ubishi wa namna hiyo ni dalili ya afya. Ila nakumbusha tu kwamba zile takwimu za Roma hazikuota Roma. Nchi ndizo zinazozipeleka, na nchi zinazipata kwa yule yule karani wa penseli.

Ya tatu ndiyo inayonichekesha. Mwaka 1995 Pauly aliandika ukurasa mmoja. Mmoja, msikilizaji! Hauna jedwali, hauna mchoro, hauna takwimu mpya hata moja. Alisema kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi huchukua hali waliyoikuta walipoanza kazi kuwa ndiyo hali ya kawaida, na upungufu wanaupima kuanzia hapo. Kizazi kinachofuata kinaanzia chini zaidi, na hakuna anayeona shimo lilivyokwenda. Akaomba pia kwamba simulizi za wazee zisitupwe kwa sababu tu hazina tarakimu. Ukurasa huo umetajwa maelfu ya mara, na wanaoutaja siku hizi ni pamoja na watu wa ndege, wa misitu, hata wa mipango miji.

Nenda Mwanza leo ukamuulize kijana wa mwaloni samaki wa asili wa ziwa hili ni yupi. Wapo watakaokujibu sangara na sato bila kusita. Wote wawili ni wageni, waliletwa katika karne iliyopita. Ningu, ambaye mabibi zao walimjua kwa ladha, kijana hajawahi kumwona sokoni. Kwa hiyo Pauly anastahili kutajwa. Ila nakwambia ukweli wangu: nikilazimishwa kuchagua kati ya ule ukurasa na ule mlinganyo, nauchukua mlinganyo. Kamati, ikitazama namba, haioni tofauti.

Sasa kwa kuwa tumefika ziwani, tukae ziwani.

Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Jinja, Uganda, aliandika kwenye jarida la kilimo la Afrika Mashariki makala fupi ya kurasa chache akipinga mpango wa kumwingiza sangara Ziwa Victoria. Hoja yake ilikuwa ya kiekolojia na ilikuwa wazi: ukiingiza mla nyama mkubwa ndani ya ziwa ambalo samaki wake hawajawahi kukutana naye, hujui atakapoishia, na hutaweza kumtoa. Mwaka uliofuata upande wa pili ulimjibu kwenye jarida lile lile kwamba hofu hiyo imezidi. Mwaka 1962 na 1963 sangara akaingizwa rasmi. Na uchungu wa hadithi hii ni kwamba alikuwa ameshaingia. Baadaye ilikuja kubainika kwamba maofisa wa uvuvi wa Uganda walikuwa wamemtia majini kimyakimya tangu 1954. Fryer alikuwa anagombania mlango ambao watu walikwisha kupita.

Leo makala ya Fryer inatajwa na karibu kila anayeandika historia ya sangara. Lakini zitazame tarehe. Ilipohitajika kutajwa, kwenye meza za maofisa, iliwekwa pembeni. Imeanza kutajwa kwa heshima kuanzia miaka ya 1980, sangara walipokwisha kujaa na furu walipokwisha kutoweka kwenye nyavu. Ukimhesabia Fryer athari yake kwa namba hizo utasema alifaulu. Uliza ziwani alifaulu nini.

Furu ni wale samaki wadogo wenye rangi za kila namna, Kenya wanaitwa fulu, Uganda nkejje. Utafiti wa kukokota nyavu uliofanyika mwaka 1969 hadi 1971, ambao Mganda A. W. Kudhongania na mwenzake Cordone waliuandika mwaka 1974, ulionyesha kwamba furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa lote. Makala hiyo ilitoka kwenye jarida la Kiafrika la uvuvi na elimu ya maji, jarida ambalo usingelikuta kwenye kila maktaba ya Ulaya. Bila makala hiyo tusingejua tulikuwa na nini. Ni mwanzo wa hesabu yote iliyofuata, na bado ukipima kwa umaarufu, zilizofuata ndizo zilizopata jina.

Iliyopata jina zaidi ni ya mwaka 1992, ya Frans Witte na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliokuwa wakifanya kazi Mwanza pamoja na watafiti wa Tanzania tangu 1977. Ni kazi kubwa, sina neno nayo. Waliwajua furu wa Ghuba ya Mwanza mmoja mmoja kabla ya balaa, na walikuwapo balaa lilipofika. Waandishi wa makala ni saba, na majina yote saba ni ya Kiholanzi. Tijs Goldschmidt, mmoja wao, aliandika baadaye kitabu kizuri kuhusu miaka ile, na humo unawaona Watanzania ndani ya boti, kwenye nyavu, kwenye meza ya kuchambulia samaki. Unawaona kitabuni. Kwenye faharasa ya kutajwa hawamo, kwa kuwa faharasa husoma majina yaliyo juu ya makala, na shukrani zilizo mwishoni hazihesabiwi.

Lakini nilitaka kukuonyesha jambo jingine kwenye makala hiyo. Witte na wenzake waliandika kwamba aina kama 200 kati ya zaidi ya 300 za furu zilikuwa zimetoweka au ziko katika hatari ya kutoweka. Sikiliza vizuri hapo: zimetoweka, au ziko hatarini. Mwandishi wa pili akaisoma, akaandika kwamba aina 200 huenda zimetoweka. Wa tatu hakuisoma ya kwanza, alisoma ya pili, akaandika aina 200 zimekufa kabisa. Ukifika kwenye vitabu vya shule na filamu za televisheni, lile neno "au" limekwisha kuliwa na sangara. Kila makala iliyoitaja njiani iliongeza alama kwa ile ya 1992. Ilitajwa kwa jambo ambalo haikulisema! Na ziwani kwenyewe mambo yalikuwa yanabadilika: sangara walipovuliwa sana katika miaka ya 1990 kulisha viwanda vya minofu, baadhi ya furu waliodhaniwa wamekwisha walionekana tena, na Witte mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioandika habari za kurudi kwao. Nadhani taarifa ile ya kurudi haikupata makofi kama ya kifo.

Upande wa Jinja alikuwapo Richard Ogutu-Ohwayo. Mwaka 1990 alitoa makala kuhusu kupungua kwa samaki wa asili katika Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga, na nyingine kuhusu kile sangara anachokula. Hii ya pili ni kazi ya kisu. Unampasua sangara, unafungua tumbo, unatenganisha kilichomo, unapima, unaandika, unachukua mwingine. Harufu yake inakaa kwenye mikono mpaka kesho yake. Matumbo ndiyo yaliyotoa habari: furu walipopungua, sangara waligeukia uduvi, dagaa, na watoto wa sangara wenyewe. Kwa mtu anayesimamia uvuvi, sentensi hiyo moja ina uzito kuliko maelezo marefu, kwa sababu inamwambia kwamba huyu samaki hafi njaa, atajila, na uvuvi utaendelea ingawa ziwa si lile tena. Ogutu-Ohwayo anatajwa sana, na nafurahi kulisema hilo, kwa kuwa Waafrika waliotoka na jina kwenye hadithi ya ziwa letu wenyewe hawajazi boti.

Kuna kazi nyingine ambazo kwenye hesabu hii hazina hata kiti. Beverton yule yule wa kitabu cha 1957 aliandika mwaka 1959 ripoti kuhusu hali ya uvuvi wa Ziwa Victoria. Haikuwa makala ya jarida, ilikuwa nakala zilizopigwa chapa na kugawiwa ofisini. Ripoti za namna hiyo ndizo ambazo ofisa wa uvuvi huzisoma kabla hajaandika kanuni za macho ya nyavu. Hata leo, ukimuuliza mtafiti wa TAFIRI au wa KMFRI, taasisi za utafiti wa uvuvi za Tanzania na Kenya, mwaka wake umekwendaje, atakutajia mikutano ya mwaloni, ripoti kwa wizara, na mafunzo kwa vikundi vya ulinzi wa rasilimali. Akienda kwenye usaili wa chuo kikuu, vyote hivyo vinaandikwa sifuri au karibu na sifuri. Kwa hiyo kijana mwerevu anajifunza haraka: ripoti ya wizara aiandike kwa siku mbili, makala ya jarida kwa miezi sita, na makala hiyo aiandike kwa swali linalomsumbua mhariri wa London kuliko linalomsumbua mvuvi wa Ukerewe. Simlaumu. Ana watoto wa kusomesha.

Wenye majarida na wenye taasisi wameshalalamika wenyewe. Tamko la San Francisco, lililoanzia kwenye mkutano wa mwaka 2012, lilitaka kazi ya mtafiti isipimwe kwa umaarufu wa jarida lililoichapisha. Limetiwa saini na wengi. Kutia saini ni rahisi.

Nimalizie pwani. Emmanuel Mbaru, Mkenya, na Tim McClanahan, Mmarekani aliyefanya utafiti wa matumbawe pwani ya Kenya kwa miaka mingi, walitoa makala mwaka 2013 kuhusu dema. Dema ni lile tego la kusuka ambalo mvuvi hulizamisha kwenye mwamba: samaki anaingia kwa mdomo mwembamba, kutoka hajui. Shida yake ni kwamba halichagui. Mtoto wa tafi anaingia, samaki wembamba wa mapambo wasio na bei wanaingia, wote wanakufa au wanauzwa kwa fungu la kutupa. Walichofanya watafiti hawa ni kuacha upenyo mwembamba kwenye pembe za dema, samaki mdogo na mwembamba atoke, mkubwa abaki. Matokeo: wasiotakiwa walipungua, waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na mvuvi alipata fedha zaidi. Ni wazo ambalo fundi wa dema analielewa kabla hujamaliza kulieleza, na gharama yake ni kuacha kusuka mahali fulani.

Makala hiyo inatajwa, lakini haitaufikia ule ukurasa mmoja wa 1995. Namba ninayoitaka mimi ni madema mangapi kati ya Vanga na Kiunga, pwani ya Kenya, yana upenyo huo leo, na namba hiyo kompyuta ya Google haina mahali pa kuiandika. Anayeweza kuitafuta ni mtu mwenye mashua na wiki chache za kukagua madiko.

Ningekuwa na kiti kwenye kamati ya kupandisha vyeo, ningemwacha mwombaji aseme namba zake zote, kisha ningemwambia achague makala yake moja tu, atuambie nani aliitumia na aliitumia kufanya nini. Akisema walioitumia ni wanafunzi wake watatu walioiandika pamoja naye, tutamwandikia hivyo hivyo. Na akisema ni bwana samaki wa wilaya fulani aliyebadilisha siku za kufunga uvuvi, tumpigie simu huyo bwana samaki palepale, tuweke sauti kubwa, tumsikie.